Miaka Baada ya Kimbunga



Ndugu msomaji, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya (jina zuri mno kwa jambo zito kama lile) kilipofika Mafia mwezi Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari. Watu wa Unguja hawakupata neema hiyo tarehe 15 Aprili 1872, mwezi wa Safar 1289 Hijria. Tufani iliwajia ghafla, ikazamisha merikebu za Sayyid Barghash bandarini, ikabomoa nyumba na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikashika nafasi ya kwanza kwa karafuu hadi leo.

Wenzetu wa Amani, huku kwetu Muheza, hawahitaji kuelezwa maana ya mkarafuu kung'oka. Nyumba ya udongo hujengwa upya kwa miezi. Mche wa mkarafuu hungojewa miaka sita, saba au zaidi kabla ya zao la kwanza. Katika miaka hiyo familia inakula nini? Inakopa. Kule Unguja wenye mashamba, ambayo tusifiche kuwa yalilimwa kwa jasho la watumwa, waliweka ardhi rehani. Kimbunga hakikuwa sababu pekee, kwani israfu na kuyumba kwa bei navyo vilikuwapo. Lakini maisha ya rehani yalizoeleka vizazi kwa vizazi, hata mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasihamie kwa wadai.

Nayasema haya kwa sababu sisi wa kamati za misikiti ni hodari wa juma la kwanza. Maafa yakitokea, unga, mablanketi na sufuria hukusanywa baada ya Swala ya Ijumaa, na lori likishaondoka twaona wajibu umekwisha. Miaka inayofuata twamwachia mkopeshaji wa riba, na mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Surat al-Baqara, aya ya 280, yatuamrisha kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki. Tutampaje muda mtu ambaye anadaiwa na mwingine?

Rai yangu ni kwamba katika kila mchango wa maafa robo moja ibakizwe iwe qardhan hasana kwa waliopoteza mazao, irejeshwe pale mavuno yatakapoanza, na iandikwe mbele ya mashahidi kama aya ya 282 inavyoelekeza. Fedha ziwe za sadaka. Kuhusu zaka, wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Lakini iwapo yaweza kukopeshwa badala ya kutolewa moja kwa moja, hilo tunawaachia mashekhe wetu watufafanulie.

Wabillahi tawfiq.