Malezi ya Nyumbani: Usimwadhibu Aliyelala



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo nyumba nyingi zinalo, na karibu zote hulificha. Nalo ni la mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, mwenye miaka 7, au 9, au 12, ambaye angali akikojoa kitandani. Huenda msomaji akasema kuwa haya si maneno ya kuandikwa gazetini. Sisi twasema kuwa Sharia yetu haikuona haya kutufundisha namna ya kujistanji. Basi haitufai nasi kuona haya kusema juu ya jambo ambalo kwa ajili yake watoto hupigwa alfajiri, kabla hata ya kuambiwa sabalkheri.

Na twaanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita madrasa yetu ilialikwa Unguja katika mashindano ya kusoma Qur'ani, na vijana wetu walikuwa walale huko siku tatu. Katika wale tuliowachagua alikuwamo mtoto wa miaka 11, mwenye sauti nzuri, na juzuu tano alizozihifadhi barabara. Jina lake hatulitaji. Tulipomwambia kuwa atakwenda, aliinama asijibu. Siku ya pili akasema tumbo lamuuma. Siku ya tatu hakuja kabisa. Tukampeleka mwenzake kumwita, naye akaja. Nasi mbele ya wanafunzi wote tukamwambia kuwa mtu aliyepewa neema ya Qur'ani kisha akaifanyia uvivu, huenda akanyang'anywa. Mtoto yule alilia pasi na kutoa sauti. Alikubali kuitwa mvivu, kwani jina hilo lilikuwa jepesi kwake kuliko lile alilokuwa akilificha.

Msafara ukaenda bila yeye. Tuliporudi, mama yake alitujia, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: "Maalim, mwanangu si mvivu. Mwanangu anakojoa kitandani, na alichelea kulala na wenziwe." Akatueleza kuwa baba yake humpiga kila asubuhi alionapo godoro limelowa, na kwamba siku moja alimtwika mkeka wake, akazungushwa nao uani, na watoto wa jirani wakamwimbia.

Tuliona haya, wallahi. Maana sisi, tuliokaa miaka mingi tukiwasomesha watoto Hadithi, tulikuwa tumesahau moja iliyo mashuhuri mno. Tumefundishwa humo kuwa kalamu iandikayo madhambi imeinuliwa juu ya watu watatu: aliyelala hata aamke, mtoto hata abaleghe, na aliyeondokewa na akili hata zimrudie. Basi tazama, ewe mzazi. Mtoto huyu yumo katika wawili kati ya hao watatu kwa wakati mmoja: ni mtoto, naye amelala. Malaika hawamwandikii kitu. Je, sisi twamwandikia kwa fimbo?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Bedui mmoja aliingia katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, akakojoa humo humo. Masahaba wakamghadhibikia. Mtume akawazuia wasimkatize, akaamrisha ndoo ya maji ikamwagwe pale mahali, kisha akawakumbusha kuwa wao wameletwa kuwafanyia watu wepesi. Yule alikuwa mtu mzima, yu macho, tena msikitini. Wetu ni mtoto, yu usingizini, tena kitandani kwake.

Pengine mzazi atajibu: "Mbona tumeruhusiwa kumrudi mtoto wa miaka 10 akiacha Sala?" Ndiyo, lakini hilo ni la mtoto aliye macho, aliyekwisha kufundishwa miaka mitatu tangu umri wa miaka 7, kisha akaacha kwa hiari yake. Adabu hufundisha jambo ambalo mtu aweza kulitenda au kuliacha. Mwenye kulala hana la kuchagua.

Na madaktari wa zama zetu wamelichungua jambo hili, nao hawasemi kinyume cha haya. Wasema kuwa mambo matatu hukutana. Kwanza, mtoto huyu aghalabu haamshwi na kibofu chake: kibofu hujaa na kupiga hodi, lakini khabari haifiki akamzindua. Pili, usiku mwili hutoa homoni iamrishayo mafigo kupunguza mkojo, na kwa baadhi ya watoto amri hiyo huchelewa kukamilika, basi mkojo wa usiku huwa mwingi kama wa mchana. Tatu, kibofu cha wengine hakiwezi bado kuchukua mkojo wa usiku kucha. Hakuna katika hayo uvivu, wala ukaidi, wala ukosefu wa adabu.

Wala wenye tabu hii si wachache. Katika watoto wa miaka 7, yapata mmoja katika kila 10 angali akilowesha kitanda mara kwa mara, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kila mwaka upitao, katika watoto 100 wa namna hii yapata 15 huacha wenyewe. Wafikapo miaka 15, hubaki kama mmoja au wawili katika vijana 100. Basi katika madrasa yenye watoto 60, mwalimu ajue kuwa wamo kadhaa mbele yake, nao wamenyamaza.

Tena jambo hili hurithiwa. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa hivyo utotoni, yapata watoto 4 katika kila 10 huwa kama yeye. Na wakiwa wazazi wote wawili, yapata 7 au zaidi.

Tulipoyajua haya tulikwenda kwa baba wa yule mtoto. Hatukwenda kumkemea, kwani sisi wenyewe tulikuwa na kosa. Tulikwenda kumwomba radhi kwa maneno tuliyomtolea mwanawe. Kisha tukamweleza tuliyoyasikia, na tulipofika kwenye neno la urithi alinyamaza kitambo. Halafu akasema: "Maalim, mimi niliacha nilipokuwa na miaka 13. Na marehemu baba alinipiga mpaka mwaka ule." Tukamwuliza: "Je, zilikuwa fimbo zilizokuachisha?" Akafikiri, akatikisa kichwa. "La. Siku moja niliamka nikajikuta mkavu tu."

Basi hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtoto huacha kwa kukua kwake, na mzazi aliyepiga hudhani kuwa ni fimbo iliyomponya. Akawaambia wanawe hivyo, nao wakawapiga wana wao. Lakini fimbo haikuongeza ila hofu. Na mtoto mwenye hofu hujifunza kuficha: huficha shuka mvungu wa kitanda, hukataa kulala kwa bibi yake, hukataa safari ya kheri. Na linalofichwa halipati dawa.

Sasa, la kufanya ni nini?

Mtoto anywe maji ya kutosha tangu asubuhi hata alasiri, wala asinyimwe maji mchana kutwa kama wafanyavyo wengine. Yapunguzwe katika saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Chai na kahawa za usiku ziachwe, kwani huzidisha mkojo. Aende chooni kabla ya kupanda kitandani, na njia ya chooni iwe na taa, kwani wako watoto waamkao wakaogopa giza. Akiwa hufunga choo, na atibiwe hilo, maana choo kilichojaa tumboni hukibana kibofu. Kumwamsha mara moja usiku huweza kuokoa godoro, ingawa peke yake hakuponyi. Na mtoto asifiwe kwa lile aliwezalo, kama kwenda chooni kabla ya kulala au kusaidia kutandika. Asiahidiwe zawadi kwa kuamka mkavu, kwani hilo halimo mikononi mwake.

Godoro livikwe nailoni nene chini ya shuka, ili mama asiwe na kazi ya kulifua na kulianika mbele za watu. Mtoto ajifunze kutoa shuka lake na kuliloweka bila ya kukemewa. Hiyo iwe kazi kama kazi nyingine za nyumbani, wala isiwe adhabu.

Na afundishwe hukumu yake ya dini, kwani wengi huacha Sala ya Alfajiri kwa kuona haya au kwa kutojua. Kukojoa usingizini hakumwajibishii mtu josho la janaba. Hujistanji, huosha palipopatwa na mkojo mwilini, hubadili nguo, hutawadha, husali. Saumu yake haikuvunjika. Kijana aliyekaribia kubaleghe apambanuliwe baina ya mkojo na manii, ili asichanganyikiwe.

Mtoto akiwa amefika miaka 7 na tabu haijapungua, au hata kabla ya hapo ikiwa inamsononesha, apelekwe kwa daktari. Iko kengele iwekwayo kitandani au nguoni, ambayo hulia mara tu inapoguswa na unyevu, hata mtoto akazoea kuamka. Kengele ya namna hii ilitangazwa Marekani mwaka 1938 na mume na mke, O. H. Mowrer na W. M. Mowrer, na hata leo ni katika matibabu mazuri, ingawa hutaka subira ya miezi miwili au mitatu. Iko na dawa ya kupunguza mkojo wa usiku. Lakini hiyo ina masharti yake katika kunywa maji, basi isitumiwe pasipo amri ya daktari.

Ziko dalili nyingine ambazo hazingoji umri. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi kisha akarudia kukojoa, atazamwe: pengine amezaliwa mdogo wake, au amehamishwa nyumba, au amepatwa na jambo la kumtisha ambalo hajalisema. Akiwa ana kiu isiyokatika, anakojoa mno, na anakonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ikawa kisukari. Na kumnyima maji mtoto huyu ni kumhatarisha. Akiumwa anapokojoa, akiwa na homa, au mkojo ukiwa na damu, apimwe; na sisi wa pwani na visiwani twakijua kichocho. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu nao hupatwa zaidi na tabu hii. Wote hawa fimbo huwachelewesha kupata tiba.

Wako na wale wamkimbiliao mganga, wakaambiwa ni shetani, wakatozwa kuku na fedha. Kumwombea mtoto ni kwema, na asome Ayatul Kursiyyi anapolala kama tulivyofundishwa. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na mtoto kuitwa mwenye shetani ni aibu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Nanyi vijana, msimwimbie mwenzenu. Wimbo huo kwenu ni mchezo wa dakika moja. Kwake yeye ni sauti aisikiayo kila alalapo.

Twamalizia na khabari ya yule mtoto. Usiku ule ule baba yake alimwita chumbani, akamwambia: "Mwanangu, hata mimi nilikuwa hivyo." Mama yake atuambia kuwa mtoto alimtazama babake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. Hakuponywa siku ile. Ilichukua miezi mingi, usiku mkavu ukafuatana na usiku uliolowa. Mwaka wa pili alikwenda Unguja, na mkobani mwake mlikuwa na nailoni na shuka mbili alizotiliwa na mama yake. Tulilala karibu naye. Usiku mmoja lilimtokea. Tuliondoa shuka pamoja kabla ya adhana, wala hakuna mwingine aliyejua. Asubuhi alipanda jukwaani akasoma, na sauti yake haikutetemeka.

Mwenyezi Mungu atughufirie tuliyowatenda watoto wetu kwa kutojua, atujaalie kuwasitiri kama tupendavyo kusitiriwa nasi, na awajaalie wawe vitulizo vya macho yetu. Amin.