Waliokwenda Bagamoyo

Wako wenzetu wa hapa Ikuti waliokwenda kuutazama mji wa Bagamoyo, nao warudipo husema, "Tumeona kazi ya Wadachi." Sisi walimu twalikataa neno hilo. Ni kweli, makao ya utawala wa Wadachi yalikuwa pale hata mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Lakini mawe ya matumbawe yalichimbwa na nani? Boriti za mikoko zilikatwa na nani? Na magofu ya Kaole, karibu na mji huo, yaliwatangulia Wadachi kwa karne nyingi.

Tena, mwaka 1874 maiti ya Livingstone ilifika Bagamoyo mabegani mwa Susi, Chuma na wenzao. Lakini wageni wengi huuliza habari za Livingstone tu. Hata Kiswahili hiki tukisomacho, chenye maneno ya Kibantu na ya Kiarabu, kilipanda bara pamoja na wapagazi.

Basi ndugu, nendeni Bagamoyo, wachukueni na watoto. Ila msiwafundishe kuwadharau babu zao. Mtoto aambiwaye kwamba kila ukuta ni kazi ya mgeni, yeye atajenga nini?