Tuwaombee waliolala baharini, hata waliokuwa adui

Tumo katika Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wote. Parokia nyingi zimekwisha kufanya ibada makaburini: tumefyeka majani, tumewasha mishumaa, maji ya baraka yamenyunyizwa. Ni desturi njema. Lakini wapo wafiwa wasio na pa kufyeka, kwa sababu ndugu yao alichukuliwa na bahari.

Huku Pemba jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Baadhi ya miili ilipatikana ikazikwa. Mingine mingi haikuonekana tena. Majirani zetu Waislamu wana swala ya ghaibu kwa marehemu ambaye mwili wake haupo. Nasi tuna Sadaka ya Misa, ambayo haidai jeneza mbele ya altare.

Bahari yetu hii ya Hindi ina marehemu wa zamani zaidi. Mwanzoni mwa Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ilibeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia na wauguzi wanawake. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga kwa makombora ya chini ya maji. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511, waliookolewa ni 214 tu.

Msiba haukuishia hapo. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zilianza kuiwinda nyambizi ile, nayo ilikuwa imejificha chini ya maji walipokuwa wakielea manusura. Mabomu ya kulipuka chini ya maji yakatupwa, na baadhi ya waliokuwa wakisubiri kuokolewa wakafa kwa mabomu ya upande wao wenyewe. Hatimaye nyambizi iliibuka, ikapigwa, ikazama na mabaharia wake wapatao 100. Alinusurika mmoja.

Askari wetu wa meli ile wanakumbukwa kwenye mnara wa makaburi ya vita jijini Nairobi. Ni haki yao. Lakini je, Mkristo awaombee na wale wa ndani ya nyambizi?

Wapo watakaosema hapana: kuwaombea waliorusha makombora ni kuwasaliti waliouawa. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, wala tusiidharau. Lakini tuangalie tunaomba nini. Tunapomwombea marehemu rehema, hatusemi kwamba alitenda vema. Rehema huombewa mwenye deni. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda aliwakuta askari wake waliokufa vitani wakiwa na vitu vya miungu ya uongo chini ya mavazi yao. Hakulificha kosa lao, wala hakuwatupa. Alichangisha fedha, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi.

Tena Bwana wetu ametuagiza tuwaombee wanaotuudhi (Mt 5:44). Hakuweka sharti kwamba kwanza wawe wameomba radhi. Na Yohane, katika Ufunuo sura ya 20, anaiona bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake, na kila mmoja akihukumiwa kadiri ya matendo yake. Bahari haitoi wa upande mmoja ikabakiza wengine. Hukumu ipo, tena ni ya kila mtu peke yake, lakini mwenye kuhukumu ni Mungu. Sisi tumepewa kazi ya kuomba.

Kazi hiyo nayo ina madai yake. Kumwombea marehemu hakufuti hesabu ya walio hai. Mtu anayeomba leo kwa ajili ya waliozama, kesho akajaza boti kupita kiasi, au akapokea nauli bila kuandika jina la abiria, sala yake inavuja. Nasi abiria tunaomsukuma nahodha aondoke wakati tunaona chombo kimelemewa, tunashiriki. Jina lililoandikwa bandarini kabla ya safari ni heshima kwa mtu akiwa hai, na likitokea la kutokea, ndugu zake watajua wanamlilia nani.

Kwa hiyo, unapoandika nia za Misa mwezi huu, baada ya majina ya baba na mama, ongeza mstari mmoja: marehemu wote wa baharini, wetu na wasio wetu. Kama msiba wa bahari umekugusa mwenyewe, na kuna mtu ambaye moyo wako unamlaumu kwa kifo kile, mwombee na yeye. Si lazima uchungu uishe kwanza. Anza ukiwa nao.