Baraza Tusilolihudhuria

Katika mji wa Iringa, kuanzia Miyomboni hadi Kihesa, ni nadra siku hizi kuona shule ya binafsi, chama cha akiba na mikopo, nyumba ya wageni au kampuni ya kupeleka watalii Ruaha ambayo haijapata kuwa na tovuti. Na ni nadra vilevile, ukiifungua tovuti hiyo, kukuta ndani yake habari iliyoandikwa mwaka huu. Tangazo la nafasi za masomo zilizokwisha kujazwa lingali juu kabisa, namba ya simu ni ya karani aliyehama, na penye kustahili picha ya mkuu wa taasisi pana kisanduku cheupe kisicho na kitu. Watu wamezoea kuulaumu mtandao, au umaskini, au uvivu wa vijana. Mimi naona sababu iko mahali pengine, nayo ni kwamba tumekipokea chombo na kuyaacha mazungumzo yaliyokizaa.

Chombo chenyewe, aghalabu, ni programu iitwayo WordPress, na asili yake yafaa isimuliwe kwa kirefu kidogo, maana humo ndimo ilimo hoja yangu. Mfaransa mmoja, Michel Valdrighi, alikuwa ametunga programu ya kuendeshea blogu iitwayo b2, akaitoa kwa leseni ya GPL, yaani leseni inayompa kila mtu idhini ya kuitumia programu, kuifungua na kuitazama ndani, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba akiigawa naye asiwanyime wengine idhini iyo hiyo. Valdrighi alipoacha kuishughulikia, Matt Mullenweg, kijana wa Houston, Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliandika hadharani, Januari 2003, kwamba alikuwa akifikiria kuiendeleza yeye mwenyewe. Na Mike Little, fundi wa Stockport, Uingereza, akamjibu kwamba ikiwa nia yake ni ya kweli, basi yeye yu tayari kusaidia. Tarehe 27 Mei 2003 toleo la kwanza likatoka. Leo, katika kila tovuti kumi duniani, zipatazo nne zinaendeshwa na programu hiyo iliyoanza kwa neno la mtu mmoja na jibu la mwingine, wakitenganishwa na bahari ya Atlantiki, bila mkataba, bila mtaji na bila mfadhili.

Wazee wa Uhehe na Ubena wanaufahamu mgowe. Mwenye shamba hualika majirani, huwaandalia pombe na chakula, nao hushika majembe hadi kazi ipungue. Na ijapokuwa halikuandikwa popote, hakuna asiyejua kwamba jirani naye akialika, yule aliyelimiwa atakwenda. Programu huria, yaani ile yenye leseni kama hiyo ya GPL, haina kaida nyingine. Anayeripoti kasoro aliyoigundua, anayejaribu toleo jipya kabla halijatolewa, anayemweleza mwanagenzi swali lile lile kwa mara ya mia bila kumdharau, anayetafsiri maneno ya kwenye vitufe, wote hao wanalima, hata kama hawajui kuandika mstari mmoja wa msimbo. Sisi tumekuwa watu wa kulimiwa tu. Sisemi hivyo kwa kuwatukana vijana wetu, ambao ni hodari na wepesi wa kujifunza. Nasema kwa sababu hasara ya jambo hilo inaturudia wenyewe kuliko inavyomfikia yeyote wa Houston au Stockport.

Itazame hali ilivyo. Taasisi humwita fundi, na fundi huweka programu ambayo haikumgharimu senti, akaipamba kwa kiolezo alichokipakua, akaongeza programu-jalizi kumi au kumi na tano, akasajili domeni kwa jina lake mwenyewe, akakodi seva kwa anwani yake ya barua pepe, na nywila akaziweka katika simu yake. Baada ya mwaka hupata kazi Dodoma au Dar es Salaam. Ipo shule moja katika mkoa huu, ambayo sina haja ya kuitaja, iliyolazimika kuiacha tovuti yake na kuanza nyingine kwa jina jingine, kwa kuwa aliyeshika funguo za ile ya kwanza alibadili namba ya simu na hakuna aliyejua aliko. Kadhalika zipo tovuti ambazo, kwa kukaa muda mrefu bila masasisho, zimeingiwa na wahalifu kupitia programu-jalizi zilizochakaa, hata mzazi anayetafuta ada ya muhula anajikuta anaonyeshwa matangazo ya kamari kwa lugha asiyoijua. Leseni ya GPL ilitungwa makusudi ili pasiwe na mtu mmoja wa kumfungia mwenziwe mlango. Na sisi, pasipo kuvunja kifungu chake hata kimoja, tumefanikiwa kuyafunga makufuli yale yale iliyokuja kuyaondoa.

Laiti pangekuwa na baraza la mafundi na wenye tovuti katika mji huu, la kukutana na kuulizana bila haya, kupotea kwa funguo na kuchakaa kwa tovuti kusingedumu. Kaida za kazi hazipatikani katika programu. Hupatikana katika mazungumzo ya wanaoitumia. Huko Nairobi na Kampala watumiaji wa WordPress wamekwisha kuyaandaa makongamano yaitwayo WordCamp, kwa mfano wa lile la kwanza la San Francisco mwaka 2006, na anayehudhuria hurudi akijua kwamba ni aibu fundi kuisajili domeni ya mteja kwa jina lake. Hiyo ni elimu ndogo, lakini kitabuni huipati.

Wala nisidhaniwe kuwa nayasifu mazungumzo hayo kana kwamba ni ya malaika. Yamejaa ugomvi. Mwaka 2005 waliokuwa wakiitunga Mambo, programu nyingine huria ya kuendeshea tovuti, walihitilafiana na kampuni ya Miro, ya Australia, juu ya nani awe na kauli ya mwisho. Wakajitoa kwa pamoja, wakachukua msimbo kama leseni ilivyowaruhusu, wakaanzisha Joomla, jina walilolitoa katika neno letu jumla, ingawa katika mabishano yale yote sidhani kama sauti ya Mswahili ilisikika. Na mwezi Septemba 2024 Mullenweg mwenyewe aliishutumu hadharani kampuni ya WP Engine, inayokodisha seva, kwamba inavuna sana katika WordPress na kurudisha kidogo; akaifungia njia ya kuifikia hazina ambamo tovuti huchukua masasisho yake; kampuni ikakimbilia mahakama ya California, na Desemba mwaka huo huo mahakama ikatoa amri ya muda kwamba njia hiyo ifunguliwe. Kwa rai yangu, Mullenweg alikuwa na haki katika swali lake na alikosea katika njia yake: swali la nani avune na nani alime ni swali la kila shirika, walakini aliyekabidhiwa ghala la wote hana ruhusa ya kulifunga kwa hasira zake. Wengine wataona vinginevyo. Ninalosikitikia ni kwamba jambo lililogusa mamilioni ya tovuti lilipita kwetu kimya, na hata baadhi ya wanaojipatia riziki kwa programu hiyo hawakupata habari.

Sababu mojawapo ya ukimya huo ni lugha, na hapa Iringa ina wajibu kuliko miji mingi. Tunavyo Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mwaka 2007 hicho cha kwanza, kilipokuwa kingali sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na wanazuoni wa Joensuu, Finland, kwa fikra iliyokuwa ya kijasiri wakati ule: kwamba mtaala usinakiliwe kutoka ng'ambo, bali utokane na haja za mahali, umeme wake, mashirika yake na watu wake. Fikra hiyo ni njema, na naona haijafikishwa ilikokuwa ikielekea. Kwa kuwa tafsiri ya WordPress iko wazi kwa yeyote aliyejiandikisha, apendekeze neno na mhariri alipime, kuna nini cha kuzuia mwanafunzi wa mwaka wa pili kupewa alama za mafunzo kwa vitendo kwa kutafsiri, kuripoti kasoro, au kuandika kwa Kiswahili maelezo ya namna ya kuhamisha tovuti kutoka seva moja kwenda nyingine? Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha mwaka 2004, walipotoa Jambo OpenOffice, kwamba Kiswahili kinayamudu mambo hayo pasipo kutweta. Lakini ile ilikuwa kazi ya mradi, na mradi huwa na tarehe ya kufungwa. Kazi ya chuo hurudi kila muhula pamoja na wanafunzi wapya.

Serikali nayo imefanya lake. Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa na halmashauri zenye sura moja na mpangilio mmoja, na hatua hiyo iliondoa fujo nyingi. Ila sura moja haiandiki habari, na afisa mmoja anayetazamiwa kuandika, kupiga picha na kujibu wananchi hawezi kuwa baraza.

Najua nitaambiwa kwamba watu walinyamaza kwa sababu walitishwa, na hilo si uongo. Ndesanjo Macha alipoanzisha blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, alifungua njia ambayo Waswahili wengi waliifuata kwa furaha. Kisha zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye blogu kulipa leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, mbali na shilingi 100,000 za maombi, na kumwonya asiyekata leseni hiyo kwamba faini yake haitapungua shilingi 5,000,000. Mwezi Juni mwaka huo hata jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisimama kwa muda. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini wengi waliohamia katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook hawakurudi, na maandishi yao yanakaa huko kwa hisani ya kampuni ambayo hawana kauli mbele yake. Ada ile ilikuwa kubwa kupita kiasi. Hata hivyo haimzuii mhasibu wa chama cha akiba kujua nywila za chama chake.

Kwa hiyo, wakati tukiwangoja wakuu wa vyuo walitafakari shauri la mafunzo kwa vitendo, kila mwalimu mkuu, katibu wa chama na mwenye nyumba ya wageni anaweza kumpigia fundi wake simu leo na kumwuliza mambo matatu: domeni imesajiliwa kwa jina la nani, nakala rudufu ya tovuti iko wapi, na nani mwingine katika mji huu anaweza kuifungua iwapo wewe hupatikani. Akijibu swali la tatu kwa kutaja jina la mwenziwe, hao wawili wanatosha kuanza kikao, na ukumbi katika vyuo vyetu hautakosekana.