UDONGO USIO NA DAFTARI HAUNA SHAHIDI

Wanachama wetu wa Kyela wametuuliza mara nyingi: hawa wanaochota tope la Mbaka na Kiwira na kulitia katika mifuko midogo wanatafuta nini? Swali ni la haki, maana tope hilo ni letu.

Tope na mchanga wa mtoni, ambao wataalamu huita mashapo, ni mjumbe wa milima. Mvua hukwangua mawe na udongo wa juu, mto ukauleta chini. Mchunguzi huuchekecha, akabakiza chembe laini ambazo metali nyingi hushikamana nazo, akazipeleka maabara. Kwa mfuko mmoja huweza kupata habari ya bonde zima. Lakini mjumbe asiyejulikana alikotoka hana habari ya kutupa.

Tazameni mito yetu. Kiwira na Mbaka huteremka kutoka nchi ya volkano ya Rungwe. Lufilyo hupokea maji ya Milima ya Livingstone, yenye mawe ya kale sana. Songwe hupita penye makaa ya mawe. Mtu akibadilisha vibandiko vya mifuko miwili, maabara itatoa tarakimu safi kabisa juu ya mto usiohusika, wala hakuna mashine itakayogundua kosa hilo. Kwa hiyo twasema kazi kubwa haiko maabara. Iko ukingoni mwa mto, katika mkono ulioshika kalamu.

Mkono huo hauna budi kuandika namba ya mfuko, tarehe, jina la mto, latitudo na longitudo, kina, mawe ya jirani, na kama juu yake kuna barabara au shamba lililotiwa mbolea. Aandike na aina. Chembe kati ya milimita 2 na 0.063 ni mchanga. Zilizo chini ya 0.002 ni mfinyanzi. Za katikati ni tope laini. Rangi hulinganishwa na kitabu cha Munsell, ili wekundu wa mtu mmoja usiwe kahawia ya mwingine.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya wasomi wakubwa. Sivyo! Kina mama wa Kikisi wa Ikombe hawafinyangi chungu kwa udongo wowote tu, huuchagua. Mkulima wa mpunga ajua ni udongo upi ushikao maji. Maarifa ya kupambanua tunayo tangu zamani. Tulichopungukiwa ni daftari.

Na faida ya daftari ni nini? Mwaka 2009 mgodi wa urani ulianza kazi Kayelekera, wilaya ya Karonga, nchini Malawi, nao ukasimama mwaka 2014. Mito ya huko humwaga maji katika ziwa hilihili tunalovua. Popote panapofunguliwa mgodi, watu huja kuuliza kama maji yameharibika. Nani atawajibu, ikiwa hakuna aliyeandika hali ya tope kabla ya mgodi? Mwenye mgodi atasema ndivyo lilivyokuwa siku zote, na mwananchi hatakuwa na karatasi ya kumkanusha.

Mwaka 2005 wataalamu walitoboa sakafu ya Ziwa Nyasa, hata upande wa kaskazini, wakatoa nguzo ndefu za tope. Ndani yake wamesoma habari za ukame mkubwa wa kale, na wameona majivu ya volkano ya Toba, huko Sumatra, iliyolipuka miaka 75,000 hivi iliyopita. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu kila kipande kiliandikwa kilitoka kina gani. Tope hilo limehifadhiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Hatuwalaumu walioitunza kazi hiyo vizuri. Twauliza tu: mtoto wa Itungi atasoma lini, na kwa lugha gani, habari ya ziwa analooga?

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 inasema takwimu za madini ni mali ya Serikali, na taasisi yetu ya jiolojia iko Dodoma. Hiyo ni hatua njema. Lakini mali iliyofungiwa kabatini haimsaidii mwenye mali.

Basi twataka mambo matatu. Kila achukuaye udongo aache nakala ya daftari lake katika serikali ya kijiji. Majibu yaletwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano. Na shule zetu ziwafundishe vijana kuchota, kupambanua na kuandika, mto kwa mto, mwaka kwa mwaka.

Chekeche, kalamu na daftari si vitu vya ghali. Matawi yasingoje kuambiwa mara ya pili. Nchi tuliyoidai kwa sauti zetu, sasa tuijue kwa maandishi yetu.