Sweta la Sufu Lililorudi

Kila mwaka, baridi ya mwezi wa Juni hata Agosti inapoingia katika nchi za juu, Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa, masanduku hufunguliwa na masweta hutolewa yafuliwe. Na kila mwaka zipo nyumba ambamo sweta zuri la sufu huingia katika karai likiwa la mtu mzima, likatoka halimtoshi hata mtoto wa darasa la pili. Hapo maneno huanza. Bwana humlaumu bibi, bibi humlaumu msichana wa kazi, na mwisho wa mwezi mshahara wa yule msichana hukatwa. Sisi twaona jambo hilo si la haki. Haifai mtu kutozwa fedha kwa kosa ambalo hakufundishwa kuliepuka. Tena sweta lenyewe mara nyingi laweza kuponywa, ikiwa halijatupwa.

Kwanza hapana budi kujua kama sweta ni la sufu kweli. Masweta mengi ya sare za shule siku hizi hufumwa kwa nyuzi za kiwandani ziitwazo akriliki, na yale ya mitumba huja ya kila namna. Nyuzi hizo hazirudi kama sufu irudivyo, wala dawa tutakayoieleza haitazifaa. Soma kibandiko cha ndani ya ukosi. Ikiwa kimekatwa, chomoa uzi mfupi katika mshono wa ndani, ushike kwa koleo juu ya sahani, uuwashe. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka, na ikipoa huacha kitone kigumu kama shanga.

Harufu hiyo ya nywele si bure, kwa maana sufu na nywele zetu ni kitu cha asili moja. Kondoo wekundu wa Kimasai hawatoi sufu ya kufumia. Sufu hutoka kwa kondoo kama Merino na Corriedale, ambao wafugaji wengi wa nchi za juu wawajua. Unyoya mmoja wa sufu, ukitazamwa kwa darubini, una magamba madogo yanayolaliana kama ya samaki. Maji ya moto na sabuni huyainua magamba hayo. Mfuaji akisugua, unyoya huu hushikana na ule, kila msuguo ukizidi kuvikaza, navyo havirudi nyuma. Sabuni kali huzidisha madhara, na magadi ndiyo mabaya kupita yote. Magadi ni mazuri kwa kulainisha maharagwe, lakini yasiingie katika karai la sufu kamwe.

Sasa shika sweta lililorudi, livute kidogo kwa mikono miwili, ulitazame penye mwanga. Ukiona bado vitanzi vya ufumaji, na kitambaa chavutika kidogo, lina matumaini. Ikiwa vitanzi vimepotea kabisa, nalo limekuwa zito na gumu kama kipande cha blanketi, manyoya yameshikana moja kwa moja. Usijisumbue kulivuta, ila usilitupe, kwa maana tutalirudia.

Kwa lile lenye matumaini, tafuta sweta jingine linalomkaa vema mwenyewe, ulilaze juu ya karatasi ya kaki, uchore mpaka wake pande zote. Usitumie gazeti, hata likiwa hili letu, kwa kuwa wino hutia doa. Kisha tia katika beseni maji ya vuguvugu kiasi cha lita 5. Maji yawe kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yakikuchoma kifundo cha mkono, yamezidi. Koroga humo vijiko 2 au 3 vya mezani vya kondishena, yaani dawa ile ya kulainishia nywele ambayo mabinti wengi wanayo nyumbani. Ilainishayo nywele hulainisha na sufu, manyoya yakateleza badala ya kung'ang'aniana. Usiwe na kondishena, sabuni laini ya kuoshea nywele za watoto yafaa pia, ingawa nguvu yake ni ndogo zaidi.

Zamisha sweta taratibu, uliache nusu saa bila kulisugua. Litoe ukilichukua kwa viganja viwili chini yake, ulikamue kwa kulibonyeza, si kwa kulisokota. Usilisuuze bado. Lilaze juu ya taulo kavu, lizungushe pamoja na taulo kama mkeka, ubonyeze taulo linywe maji.

Hapa ndipo penye kazi, na mwenye haraka hatafaulu. Weka ile karatasi juu ya meza au ubao, uifunike kwa taulo jingine jembamba ambalo mchoro waonekana pembezoni mwake, kisha ulilaze sweta juu. Anza kifuani, uvute kwa upana kwa viganja vyote, wala si kwa ncha za vidole, ambazo huacha mabonde. Nenda kwenye urefu, halafu mikono, halafu urudi kifuani tena. Vuta kidogo, ngoja kidogo. Sufu iliyolowa ni dhaifu kuliko iliyokauka; ukiivuta kwa hasira utakata nyuzi, na tundu halina dawa nyepesi. Likifika mahali pake, lishikize pembeni kwa pini zisizoshika kutu, moja kila baada ya sentimita 5 hivi. Liache likauke kivulini, penye upepo, mbali na jiko. Katika miezi ya ukungu laweza kuchukua siku mbili, basi badilisha taulo la chini lisije likavunda. Ukipata sentimita 3 au 4 kifuani kwa mara ya kwanza, umefanya vema. Rudia kazi hiyo baada ya juma moja, na ukiridhika, lisuuze kwa maji ya vuguvugu na ulikaushe vilevile likiwa limelazwa.

Yako masweta yenye taabu ya kinyume chake, yaliyorefuka hata yakafika magotini. Hayo huharibiwa na kamba ya kuanikia. Sufu hunywa maji mengi, na uzito wake huivuta chini mchana kutwa. Lilowanishe tena, ulilaze, ulisukume kwa viganja kutoka pande zote mpaka liingie katika mchoro wake, likauke hapo. Mikono iliyolegea kwenye pindo yatengenezwa kwa kupitisha uzi wa pamba katika vitanzi, kuukaza kidogo, na kuuchomoa baada ya kukauka. Viwiko vilivyotokeza hutaka mvuke: weka kitambaa chenye maji juu yake, ushike pasi ya moto karibu bila kuikandamiza. Wenye pasi za makaa wajihadhari na cheche.

Kwa siku zijazo, mwonyesheni anayefua, msimwambie kwa maneno tu. Maji ya kufulia na ya kusuuzia yawe ya vuguvugu namna moja, sabuni iwe laini, na dawa za kung'arisha zenye klorini zikae mbali kabisa, kwa kuwa huila sufu. Kijiko cha siki nyeupe katika maji ya mwisho husaidia kuondoa sabuni iliyobaki.

Na lile lililokuwa kama blanketi? Likate kwa mkasi bila hofu, kwani halifumuki hata lisipopindwa. Kifuani hutoka kofia ya mtoto mchanga. Mgongoni, fuatisha unyayo wako kwa chaki, ukate vipande viwili, uvitie ndani ya buti za mpira. Mtu akamuaye ng'ombe saa kumi na moja alfajiri huko Kinangop atakuwa na miguu yenye joto.