Ekadashi si Tarehe ya Kumi na Moja

Ni rahisi mno kwa mfasiri wa Kiswahili kulikuta neno Ekadashi akalipa tafsiri ya haraka, "tarehe kumi na moja". Asili ya neno lenyewe humshawishi kufanya hivyo, kwani katika Kisanskriti eka ni moja na dasha ni kumi. Hata hivyo, tafsiri hiyo hupotosha. Huwafanya Wahindu wa madhehebu ya Vaishnava, yaani wale wanaomwabudu Vishnu na kumtambua katika Rama na Krishna, waonekane kuwa watu wasioafikiana kuhusu hesabu yao wenyewe. Pindi jamaa aliyeko Mumbai anapofunga Jumanne, ilhali nduguye wa Nairobi alikwisha kufunga Jumatatu, mtazamaji wa nje huhitimisha kuwa mmoja wao amekosea. Huenda wote wawili wamepatia, na tofauti yao ikawa ndiyo ithibati ya uangalifu wao.

Siku ya Ekadashi Mvaishnava hujinyima nafaka na vyakula vya jamii ya kunde. Wengi hula matunda, viazi na maziwa. Wengine hawali chochote. Na katika Ekadashi iitwayo Nirjala, inayoangukia majira ya joto kali kule India, wapo wasioonja hata tone la maji. Lengo si kulitesa tumbo bali kuupunguzia mwili shughuli ili moyo upate nafasi ya kumkumbuka Mungu kwa sala, nyimbo na kukesha. Madhali saumu yenyewe ni ibada, wakati wake nao ni sehemu ya ibada hiyo. Hapo ndipo linapozuka suala la kalenda.

Wahindu huugawa mwezi mwandamo, wenye siku 29 na nusu na kidogo, katika vipande 30. Kila kipande huitwa tithi, nacho ni muda ambao mwezi wa angani hutumia kulitangulia jua kwa nyuzi 12. Tithi 15 ni za mwezi unaokua hadi kupevuka, na 15 ni za mwezi unaopungua hadi giza. Ekadashi ni tithi ya kumi na moja ya kila nusu. Hivyo hutokea mara mbili kwa mwezi na mara 24 kwa mwaka wa kawaida. Kwa kuwa mwendo wa mwezi si wa kasi moja, tithi hazilingani kwa urefu: fupi hukaribia saa 20 na ndefu hukaribia saa 27. Aidha, tithi haingoji macheo wala usiku wa manane ndipo ianze. Yaweza kuanza adhuhuri, magharibi au wakati wowote ule. Basi tithi si siku, wala haiwezi kuwa tarehe.

Mfungaji, hata hivyo, hufunga siku nzima, na hana budi kuamua ni siku ipi iliyo ya Ekadashi. Kanuni iliyoenea ni kuipa siku jina la tithi iliyopo jua linapochomoza. Wavaishnava huongeza sharti jingine. Hutazama pambazuko, yaani ghati nne kabla ya jua kuchomoza. Ghati ni kipimo cha kale cha dakika 24, kwa hivyo muda huo ni saa moja na dakika 36. Iwapo tithi ya kumi ingalipo katika muda huo, siku hiyo huhesabiwa kuwa imeguswa na tithi iliyotangulia, na saumu husogezwa hadi siku inayofuata. Wahindu wa mapokeo ya Smarta, ambao hutazama macheo yenyewe, huweza kufunga siku hiyo hiyo ambayo Wavaishnava wameiacha. Hii ndiyo sababu kalenda nyingi za Kihindu huonyesha Ekadashi mbili zinazofuatana.

Fauka ya tofauti ya mapokeo, kuna tofauti ya mahali. Tithi huanza kwa wakati mmoja duniani kote, lakini jua halichomozi kwa wakati mmoja. Chukulia kuwa Ekadashi inaanza Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri kwa saa za Nairobi, nayo inadumu saa 24. Jua la Nairobi huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu; kwa hivyo Ekadashi imeingia kabla ya pambazuko, na saumu ni Jumatatu. Wakati huo huo saa za India husoma saa moja kamili asubuhi. Kule Mumbai pambazuko limekwisha kupita tithi ya kumi ikiwa ingalipo, na saumu ni Jumanne. Kanuni ni moja na anga ni moja, ila mapambazuko ni mawili.

Wapo wanaodai kuwa mambo haya yamepitwa na wakati, na kwamba ingefaa pawepo tarehe moja iliyochapishwa kwa ajili ya waumini wote. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Familia zilizotawanyika hutamani kufunga pamoja, na waajiri huhitaji kujua mapema siku za mapumziko. Serikali ya India yenyewe ililikabili tatizo la jinsi hii. Mwaka 1952 iliunda kamati ya kurekebisha kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na kamati hiyo ikakuta kalenda zipatazo 30 zikitumika nchini. Kalenda ya taifa ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Hata hivyo, kalenda hiyo ilipata makao katika gazeti rasmi la serikali na katika nyaraka za ofisi. Waumini waliendelea kuzitegemea kalenda za mapokeo yao.

Wala hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Kalenda hizo hufanya kazi ambayo tarehe tupu haiwezi. Mwaka wa miezi 12 ya mwandamo una siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ili saumu zisiyahame majira yake, Wahindu huongeza mwezi wa ziada baada ya kila miezi 32 au 33, na mwaka huo huwa na Ekadashi 26. Mwaka 2023 mwezi huo uliangukia ndani ya Chaturmasi, ile miezi minne ya mvua ambayo inaaminika kuwa Vishnu amelala, na kipindi hicho kikarefuka kuanzia tarehe 29 Juni hadi 23 Novemba. Chaturmasi hufunguliwa na Ekadashi ambayo mahujaji wa Maharashtra hutembea kwa miguu kutoka Alandi na Dehu hadi Pandharpur kuiadhimisha. Umati huo hufunga siku moja kwa sababu uko mahali pamoja na unalipokea pambazuko moja. Anayetaka umoja wa namna hiyo kati ya Nairobi na Mumbai hutaka jambo ambalo jua lenyewe limelikataa.

Msomi wa Kiswahili ana kila sababu ya kulielewa suala hili. Lugha yake hutumia neno moja, mwezi, kwa kiangazi cha usiku na kwa kipindi kinachopimwa nacho. Waswahili wa pwani wameihesabu miezi yao kutokana na saumu, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa, na mjadala wa kufuata mwandamo wa hapa au wa kwingineko si mgeni kwao. Tofauti ipo: Waislamu hawaongezi mwezi, kwa hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Lakini swali ni lile lile la ni anga ya nani inayomfunga muumini.

Kwa hiyo, tithi na ibaki tithi katika Kiswahili, ielezwe kwa maneno ambayo lugha tayari inayo: mwandamo, kupevuka, pambazuko, macheo. Ekadashi na iandikwe kuwa tithi ya kumi na moja ya mwezi unaokua au unaopungua. Maelezo hayo ni marefu kuliko "tarehe kumi na moja", lakini kwayo msomaji atajua kwa nini ndugu wawili wenye imani moja wamefunga siku mbili tofauti, na hatamwita yeyote kati yao mkosaji.